Vivimbe vya Kope na Uso wa Jicho: Maradhi ya Nadra Yasiyostahili Kupuuzwa

Maradhi ya macho yanayofahamika zaidi kwa wananchi wa Afrika Mashariki ni mtoto wa jicho, vikope, na macho mekundu ya kuambukiza. Maradhi haya huwapata watu wengi, na kwa sababu hiyo yamepewa nafasi kubwa katika mipango ya afya na katika mafunzo ya waganga. Lipo hata hivyo kundi jingine la maradhi ya macho lisilotajwa mara kwa mara, nalo ni lile la vivimbe vinavyoota katika kope na juu ya uso wa jicho lenyewe. Huitwa maradhi ya nadra kwa kuwa mganga wa zahanati anaweza kufanya kazi miaka mingi asikutane nayo ila mara chache. Lakini baadhi ya vivimbe hivyo ni saratani, na saratani ya mahali hapa, ikichelewa kutambuliwa, humpotezea mgonjwa jicho, na wakati mwingine uhai wake.

Neno "nadra" lenyewe lataka kutumiwa kwa uangalifu. Kitabu kilichoandikwa Ulaya kinapoeleza kwamba saratani ya uso wa jicho ni ugonjwa wa nadra unaowapata wanaume wazee, kinasema kweli kuhusu Ulaya. Katika nchi zilizo karibu na mstari wa Ikweta ugonjwa huohuo hutokea mara nyingi zaidi, huwapata watu walio bado katika umri wa kufanya kazi na kulea watoto, na aghalabu wanawake huwa wengi kuliko wanaume. Mganga anayemngoja mgonjwa wa kitabuni atampita mgonjwa halisi aliyeketi mbele yake.

Umbo la kope na uso wa jicho

Kope ni kigubiko cha ngozi na misuli kinacholinda jicho. Ngozi yake ni nyembamba kuliko ngozi ya mahali pengine popote mwilini. Ndani ya kope umo ukanda mgumu unaoipa umbo lake, na katika ukanda huo zimepangwa tezi ndogo zinazotoa mafuta. Kope ya juu ina tezi zipatazo 30 hadi 40, na ya chini 20 hadi 30. Tezi hizi zilielezwa na mganga wa Kijerumani, Heinrich Meibom, mwaka 1666, na hadi leo huitwa kwa jina lake. Mafuta yake huenea juu ya machozi na kuyazuia yasikauke upesi.

Uso wa jicho una sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni konea, yaani kile kioo angavu kilicho mbele ya mboni, chenye unene wa nusu milimita hivi katikati. Ya pili ni konjunktiva, yaani utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho na kujikunja kuufunika upande wa ndani wa kope. Baina ya konea na konjunktiva pana mpaka wa mviringo unaoonekana kwa urahisi, pale weupe wa jicho unapokutana na sehemu ya rangi. Mpaka huu ni mwembamba, lakini una kazi kubwa. Hapo ndipo zinapokaa seli mama ambazo hugawanyika maisha yote ili kuzalisha seli mpya za kufunika konea badala ya zile zinazochakaa. Mahali ambapo seli hugawanyika bila kukoma ndipo pia penye nafasi kubwa zaidi ya kosa kutokea katika kugawanyika kwake, na vivimbe vingi vya uso wa jicho huanzia hapo.

Maana ya uvimbe na saratani

Seli za mwili huzaliwa, hufanya kazi, huchakaa na kufa kwa utaratibu unaoongozwa na jeni zilizo ndani ya kila seli. Jeni hizo zikiharibika, seli inaweza kuendelea kugawanyika wakati isipohitajiwa, na hapo hutokea uvimbe. Vivimbe vingi ni vya salama: hukua polepole, hubaki mahali pake, wala haviingii ndani ya nyama jirani. Saratani ni uvimbe wa namna nyingine. Seli zake huvuka mipaka, hupenya katika nyama iliyo karibu, na zinaweza kusafiri kwa njia ya limfu au damu hadi viungo vya mbali.

Saratani ya uso wa jicho aghalabu haitokei kwa ghafula. Kwanza seli chache za tabaka la chini la utando hubadilika umbo na mpangilio. Baadaye mabadiliko hayo hupanda hadi kuenea katika unene wote wa tabaka la juu, lakini bado hayajavunja ukuta mwembamba unaolitenga tabaka hilo na nyama ya chini. Hatimaye ukuta huo huvunjwa, na seli hupenya. Hatua hizi zote zinaweza kuonekana kwa macho kama kinundu kilekile kidogo chekundu au cheupe. Tofauti kati yake huonekana kwa hadubini tu, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mgonjwa atapona kwa upasuaji mdogo au atapoteza jicho zima.

Vivimbe vya kope

Vivimbe vingi vya kope ni vya salama. Kinachofahamika zaidi ni chokea, yaani jipu dogo lenye maumivu linalotokea penye mzizi wa unywele wa kope. Chokea hutokana na vijidudu, wala si uvimbe kwa maana ya kitaalamu. Tezi ya Meibom nayo ikiziba, huweza kutokea kinundu kigumu kisichouma ambacho hukaa kwa majuma kadhaa na kisha kupungua, au hupasuliwa na kusafishwa.

Miongoni mwa saratani za kope, inayowapata zaidi watu wenye ngozi nyeupe ni ile inayoanzia katika seli za tabaka la chini la ngozi. Mganga Arthur Jacob wa Dublin aliieleza mwaka 1827, akionyesha jinsi kidonda kidogo cha kope kilivyoweza kuila nyama taratibu kwa miaka mingi. Saratani hii hupenda zaidi kope ya chini na ni mara chache kusafiri hadi viungo vingine. Kwa watu wenye ngozi nyeusi ni ya nadra, kwa kuwa rangi ya ngozi huzuia sehemu kubwa ya miali ya jua inayodhuru. Watu wenye ualbino, ambao ngozi yao haina kinga hiyo, wamo hatarini kupata saratani za ngozi ya uso pamoja na za kope, na mara nyingi katika umri mdogo.

Saratani ya tezi za mafuta ni ya hila zaidi. Huanzia mara nyingi katika tezi za Meibom, na huonekana zaidi katika kope ya juu, ambako tezi hizo ni nyingi. Mwanzoni huonekana kama kinundu cha kawaida cha tezi iliyoziba, au kama uvimbe wa ukingo wa kope unaowasha na kuwa mwekundu kwa muda mrefu. Mgonjwa hupewa dawa ya kupaka, hupata nafuu kidogo, kisha hurudi. Kinundu hupasuliwa, nacho huota tena pale pale. Wakati huo seli za saratani huweza kuwa zinaenea katika utando wa ndani wa kope bila kuonekana. Dalili inayopaswa kumzindua mganga ni kupotea kwa nywele za kope mahali penye uvimbe, na kinundu kinachorudi baada ya kupasuliwa. Kinundu cha namna hiyo kwa mtu mzima hakistahili kupasuliwa mara ya pili bila kipande chake kupelekwa maabara.

Zipo nyingine za nadra zaidi. Saratani ya seli za Merkel hutokea kama kinundu chekundu au cha zambarau kisichouma, ambacho hukua haraka kwa majuma machache. Ilielezwa kwa mara ya kwanza na Cyril Toker mwaka 1972. Saratani ya Kaposi, iliyoelezwa na Moritz Kaposi mwaka 1872, hutokea kama doa au uvimbe wa rangi ya damu iliyovilia, na huweza kuota katika kope au konjunktiva. Kwa miaka mingi ilikuwa ikijulikana Afrika Mashariki na ya Kati hata kabla ya UKIMWI kuenea. Kundi la watafiti la Yuan Chang na Patrick Moore wa Marekani liligundua virusi vinavyohusika na saratani ya Kaposi mwaka 1994, na vile vinavyohusika na saratani nyingi za seli za Merkel mwaka 2008. Zote mbili huwapata zaidi watu ambao kinga ya mwili wao imedhoofika.

Saratani ya konjunktiva katika Afrika Mashariki

Uvimbe unaostahili kufikiriwa kwanza katika sehemu hii ya dunia ni saratani ya seli bapa za konjunktiva, pamoja na hatua zinazoitangulia. A. C. Templeton, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, alichapa mwaka 1967 maelezo ya vivimbe vya macho vya Waganda, na saratani hii ilikuwa miongoni mwa zilizoelezwa. Wakati huo ilikuwa inafahamika, lakini haikuwa imezua wasiwasi.

Hali ilibadilika baada ya UKIMWI kuenea. Mwaka 1990 waganga waliofanya kazi Kigali, Rwanda, walitoa taarifa kwamba wagonjwa wa saratani hii walikuwa na virusi vya UKIMWI, yaani VVU, kwa kiwango kikubwa kuliko watu wengine. Mwaka 1995 mganga wa macho wa Kampala, Charles Ateenyi-Agaba, alieleza kwamba kati ya mwaka 1970 na 1988 ugonjwa huo ulikuwa ukiwapata watu wapatao 6 katika kila watu milioni moja kwa mwaka, lakini kufikia mwaka 1992 idadi ilikuwa imepanda hadi 35. Katika wagonjwa 48 aliowachunguza, 36 walikuwa na VVU. Katika watu wengine 48 waliochaguliwa kwa ajili ya kulinganishwa nao, wenye VVU walikuwa 9 tu.

Takwimu hizi zilionyesha jambo lililo kubwa kuliko macho. Kinga ya mwili hupambana na vijidudu vinavyotoka nje, na pia hushiriki kuzitambua na kuziangamiza seli za mwili zilizoharibika. Kinga hiyo ikidhoofishwa na VVU, seli ambazo zingeangamizwa mapema hupata nafasi ya kuzaana. Ndiyo maana mgonjwa wa Afrika Mashariki mara nyingi huwa ni mtu wa miaka 30 au 40 na kitu, wakati mgonjwa wa Ulaya huwa na zaidi ya miaka 60. Kwa baadhi ya wagonjwa, kinyama kidogo jichoni kimekuwa ndiyo dalili ya kwanza ya kuwa na VVU. Kwa sababu hiyo mtu yeyote anayeonekana kuwa na uvimbe wa namna hii hushauriwa apimwe, ili aanze dawa za kupunguza makali ya VVU mapema. Hata hivyo isidhaniwe kwamba kila mwenye saratani ya konjunktiva ana VVU. Wapo wagonjwa wengi wasio navyo, na kumshuku mtu kwa sababu ya jicho lake ni kumwonea, tena ni kuwatia wengine woga wa kwenda hospitali.

Jua na jicho

VVU peke yake haitoshi kueleza ugonjwa huu, kwa kuwa nchi nyingi zilizopata UKIMWI hazikupata ongezeko kama hilo. Sababu nyingine kubwa ni jua. Pamoja na mwanga unaoonekana, jua hutoa miali isiyoonekana iitwayo urujuanimno. Miali hii ina nguvu ya kutosha kuharibu jeni ndani ya seli. Utafiti uliochapwa mwaka 1996, uliolinganisha takwimu za nchi mbalimbali, ulionyesha kwamba saratani hii hupungua kwa karibu nusu kwa kila nyuzi 10 za latitudo mtu anavyokwenda mbali na Ikweta. Uganda ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 12 katika kila watu milioni moja kwa mwaka, na Uingereza haikufikia hata mgonjwa mmoja.

Ushahidi mwingine umepatikana ndani ya seli zenyewe. Vipande vya saratani vilivyokatwa kutoka kwa wagonjwa wa Uganda vilipochunguzwa, jeni moja muhimu inayozuia seli zilizoharibika zisiendelee kugawanyika ilikutwa na kasoro za namna ambayo huachwa na urujuanimno. Miali hiyo ilikuwa imeacha alama yake, mfano wa unyayo wa mwizi katika mchanga.

Mahali uvimbe unapoota pia panalingana na maelezo haya. Mara nyingi huota katika sehemu ya jicho inayobaki wazi kope zikifunguliwa, na hasa katika mpaka wa konea upande wa pua. Pua huzuia mwanga unaotoka upande wake, lakini mwanga unaoingia kutoka upande wa sikio hupita katika konea, ambayo huupinda kama lenzi na kuukusanya katika mpaka wa upande wa pili. Mtoto aliyewahi kuchoma karatasi kwa kioo cha kukuza anafahamu nguvu ya miali ya jua iliyokusanywa mahali pamoja.

Wafugaji nao wana mfano wao. Ng'ombe wa aina ya Hereford, wenye uso mweupe na kope zisizo na rangi, hupata saratani ya macho kwa wingi katika nchi zenye jua kali, na wale wenye rangi nyeusi au nyekundu kuzunguka macho huugua mara chache zaidi. Kwa upande wa wanadamu, upo ugonjwa wa kurithi uitwao kseroderma pigmentosamu. Mwaka 1968 James Cleaver wa California alionyesha kwamba seli za wagonjwa hao hazina uwezo wa kawaida wa kurekebisha jeni zilizoharibiwa na urujuanimno. Watoto wenye ugonjwa huu huweza kupata saratani za ngozi, za kope na za uso wa jicho wakiwa bado wadogo sana.

Jambo la tatu linalochunguzwa ni virusi vya papiloma, ambavyo husababisha saratani ya mlango wa kizazi. Tafiti kadhaa zimevikuta katika vivimbe vya konjunktiva, na nyingine hazikuvikuta. Ushahidi wa jua na wa VVU una nguvu zaidi.

Kinyama cha kawaida au saratani?

Ugumu wa ugonjwa huu unatokana na kufanana kwake na mambo mengi yasiyo na hatari. Watu wanaofanya kazi juani na penye vumbi mara nyingi huota kinyama chenye umbo la pembetatu juu ya weupe wa jicho, ambacho ncha yake huelekea katika mboni. Wataalamu hukiita pterijiamu, nacho si saratani. Wengine hupata kinundu kidogo cha manjano kando ya konea, ambacho aghalabu hakidhuru chochote. Watoto wenye upungufu wa vitamini A huweza kuwa na mabaka yanayofanana na povu jeupe juu ya jicho, na mabaka hayo huashiria hatari nyingine kubwa ya upofu. Watu wenye ngozi nyeusi wengi wana madoa ya kahawia kuzunguka konea katika macho yote mawili. Madoa hayo ni rangi ya maumbile, wala hayastahili kumtia mtu hofu.

Saratani ya konjunktiva yenyewe huja kwa sura nyingi. Huweza kuwa nyekundu kama nyama mbichi, au angavu kama utomvu ulioganda, au yenye uso mweupe mkavu, au yenye vijinundu vingi vilivyosongamana. Kwa wagonjwa wa Kiafrika mara nyingi huwa na rangi ya kahawia. Mishipa minene ya damu huonekana ikielekea kwenye uvimbe. Mgonjwa hulalamika kwamba jicho ni jekundu, linawasha, linatoa machozi, au anahisi mchanga ndani yake. Maumivu makali na kupungua kwa uwezo wa kuona huja baadaye, na kwa hiyo wagonjwa wengi huchelewa.

Baadhi ya dalili humlazimu mtu aende kwa mtaalamu wa macho bila kukawia: kinyama kilicho katika jicho moja tu na kinachokua kwa majuma au miezi, kinyama kilichokatwa kikaota tena, kidonda cha kope kisichopona, doa jeusi au la kahawia lililotokea ukubwani katika jicho moja na linaloongezeka au kuinuka, kwa kuwa saratani ya seli za rangi huweza kuanza hivyo, na jicho jekundu lisilopata nafuu kwa dawa za kawaida. Weupe unaoonekana ndani ya mboni ya mtoto si ugonjwa wa uso wa jicho, lakini huenda ukawa dalili ya saratani iliyo ndani, nao unahitaji kuonwa na mtaalamu siku hiyohiyo.

Macho ya mtaalamu peke yake hayatoshi kutoa hukumu. Nchini Kenya watafiti walijaribu kutia katika jicho rangi ya buluu iitwayo toluidini, ambayo hushika zaidi mahali penye seli zilizobadilika. Rangi hiyo iliweza kushika vivimbe karibu vyote vya saratani, lakini ilishika pia vingi visivyo saratani. Inaweza kumsaidia mganga kuona mipaka ya uvimbe, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya hadubini.

Kwa hiyo kanuni moja yapaswa kushikwa na kila anayepasua macho: kinyama kilichokatwa jichoni kisitupwe. Kitandazwe juu ya kipande cha karatasi safi ili kisijikunje, kitiwe ndani ya chupa yenye formalini, kiandikwe jina la mgonjwa na jicho lilikotoka, kisha kipelekwe maabara. Mahali ambapo vinyama hutupwa ndooni kwa kuwa vilionekana vya kawaida, saratani za mwanzo hutupwa pamoja navyo, na mgonjwa hurudi baada ya miezi akiwa na uvimbe ulioingia ndani ya tundu la jicho.

Matibabu

Tiba ya msingi ni upasuaji. Uvimbe hukatwa pamoja na milimita chache za utando mzima unaouzunguka, bila kuushika uvimbe wenyewe kwa vifaa, ili seli zake zisipandikizwe mahali pengine. Pale penye vifaa, kingo za jeraha hugandishwa kwa baridi kali ili kuua seli zilizobaki. Uvimbe ukiwa mdogo, operesheni hufanywa kwa dawa ya ganzi na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo, jicho lake likiwa linaona.

Tatizo kubwa la upasuaji ni kwamba ugonjwa huweza kurudi. Hapo ndipo utafiti uliofanywa Kenya na Stephen Gichuhi na wenzake ulipotoa mchango mkubwa. Kati ya mwaka 2012 na 2014 wagonjwa 98 waliokwisha kupasuliwa waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili ya watu 49. Kundi moja lilitumia matone ya dawa iitwayo fluorourasili mara nne kwa siku kwa majuma manne, na jingine lilitumia matone yasiyo na dawa. Baada ya mwaka mmoja, katika watu 47 wa kila kundi walioweza kufuatiliwa, ugonjwa ulikuwa umerudi kwa watu 5 waliotumia dawa, na kwa watu 17 ambao hawakuitumia. Matokeo yalichapwa mwaka 2016. Fluorourasili ilibuniwa mwaka 1957 kwa ajili ya saratani nyingine, na bei yake ni nafuu ikilinganishwa na dawa mpya. Husababisha machozi na kuwasha kwa muda, lakini kwa wengi hali hiyo huisha. Dawa hii haifai kununuliwa na kutiwa jichoni bila uangalizi wa mtaalamu, kwa maana huua pia seli nzima zinazogawanyika.

Uvimbe ukiwa umepenya ndani ya jicho, jicho hulazimika kutolewa. Ukiwa umeenea katika tundu la jicho, upasuaji huwa mkubwa zaidi na huacha kovu usoni, nao hauhakikishi uzima. Katika kope, saratani hukatwa na kope huundwa upya kwa ngozi iliyotolewa mahali pengine, na tezi za limfu zilizo mbele ya sikio na shingoni hukaguliwa. Wagonjwa wote huhitaji kurudi kuchunguzwa kwa miaka kadhaa, hata wakijiona wazima.

Kinga na wajibu wa jamii

Jua haliwezi kuepukwa na mkulima, mvuvi, mama anayeuza sokoni wala mwendesha pikipiki. Lakini kofia au chepeo pana hupunguza miali inayofika machoni, na miwani ya kuzuia urujuanimno, hasa inayofunika pembeni, huzuia zaidi. Weusi wa miwani peke yake si kinga, kwa kuwa kioo cheusi kisichozuia miali hiyo humfanya mtu afumbue macho zaidi bila kumlinda. Watu wenye ualbino wanahitaji kofia, miwani na mafuta ya kukinga jua tangu utotoni. Mjini Moshi, katika hospitali ya KCMC, mafuta ya namna hiyo yalianza kutengenezwa kwa ajili yao, na kazi hiyo imeonyesha kwamba kinga ya kufaa inaweza kutengenezwa hapahapa nchini.

Wenye VVU wanaotumia dawa zao kwa utaratibu huhifadhi kinga ya mwili, nao wafaa kukaguliwa macho wanapokwenda kliniki, ukaguzi usiohitaji zaidi ya tochi na mtu aliyefundishwa. Dawa za majani zinazotiwa jichoni ziachwe, kwa kuwa huweza kuunguza konea, na hata zisipounguza humchelewesha mgonjwa wakati uvimbe ungali mdogo.

Mzigo wa ugonjwa huu huanguka mara nyingi juu ya watu ambao familia zao zinawategemea. Uvimbe uliokatwa ukiwa na ukubwa wa punje ya mchele huacha jicho linaloona. Uvimbe huohuo ukingojwa kwa mwaka mmoja unaweza kuhitaji jicho zima kuondolewa. Hospitali ya wilaya inayoweka akiba ya formalini na chupa ndogo, na yenye utaratibu wa kupeleka vipande maabara na kumrudishia mgonjwa majibu, imekwisha kupata nusu ya silaha zinazohitajiwa. Nusu iliyobaki ni ya mgonjwa mwenyewe na jamaa zake: kufika mapema, na kurudi siku waliyoambiwa kurudi.